Madoa Thelathini na Moja

Dobi alilipiga pasi lile shuka mara tatu asubuhi hiyo, ingawa lilikuwa limenyooka tangu mara ya kwanza. Mtu mwenye jambo la kusema na asiye na kinywa cha kulisema huitafutia mikono yake kazi. Mwishowe alilikunja, akalitia kwenye mfuko wa kitambaa, akaukumbatia kifuani, akaenda kumchukua dada yake.

Dada yake alikuwa mlangoni tangu kitambo. Alikuwa amevaa gauni la bluu alilolivaa siku binti yake alipopokewa chuoni, na viatu vyeusi ambavyo hata wakati ule vilikuwa vikimbana.

"Umechelewa, Bwana Povu." Jina hilo alimpa tangu alipofungua kibanda chake cha kufulia, na wateja wakalidaka.

"Sijachelewa, dada. Walisema saa nane."

"Saa nane ya kufika, siyo ya kutoka. Twende. Isije ikawa mwanangu ametundikwa ukutani na mama yake bado anafunga viatu." Aliutazama mfuko. "Ndilo hilo?"

"Ndilo."

"Nionyeshe kidogo. Pembe tu."

"Tutaliona huko huko."

"Haya, fanya siri. Mjomba na mpwa wake, siku zote siri." Akafunga mlango. "Nimewaambia wapishi wenzangu wote wa kantini waje Ijumaa siku ya ufunguzi. Msimamizi ameahidi kuazima gari la kiwanda. Mpaka yule mama anayeosha masufuria atakuja, na unamjua alivyo, hata harusi ya mwanawe alichelewa."

Dobi akatangulia kushuka ngazi.

Binti huyo alikuwa mtoto pekee wa dada yake. Mtaa ulimwita Chiriku kwa kuwa alianza kusema kabla ya kutembea, na hakunyamaza tena. Baba yake alifariki kabla mtoto hajaota meno, kwa hiyo aliyemshika mkono kumpeleka shule alikuwa mjomba. Alikua katikati ya mabeseni. Akiwa na miaka minane aliweza kutofautisha doa la chai na la kahawa kwa kunusa tu. Baadaye akaenda chuoni kusomea sanaa, na mwaka wa mwisho, katika msimu wa mitihani, ugonjwa wa damu ukamshika. Ulikaa naye wiki kumi na moja, kisha ukaondoka naye. Ilikuwa imepita miezi minne.

Wiki moja baada ya mazishi, Dobi ndiye aliyekwenda bwenini kuchukua vitu vyake. Alivibeba vyote kibandani. Alikuwa na kanuni moja ambayo hakufundishwa na mtu: nguo ya marehemu haimwendei mtu mwingine kabla ya kufuliwa. Akafua magauni, akafua soksi, akafua hata mkoba. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa karatasi, akakuta shuka kubwa la pamba nzito. Lilikuwa na madoa tele. Damu ilikuwapo, na rangi ya manjano ya dawa, na chai, na vitu vingine vya kila namna. Machozi yalimtoka. Alijua ni shuka la ugonjwa, shuka ambalo mtoto alililalia peke yake bwenini akiumwa na kunyamaza, yeye aliyekuwa hanyamazi.

Kitu kimoja kilimshangaza. Kando ya kila doa palishonwa namba ndogo kwa uzi mwekundu, kutoka moja hadi thelathini na moja. Madobi hutia alama za namna hiyo kwenye nguo ili zisichanganyike. Dobi alipoziona moyo ulimchoma. Ina maana mtoto alipeleka shuka kwa dobi mwingine? Alimwonea haya mjomba wake, au alimwona hawezi?

"Na dobi gani huyu mjinga," alisema kwa sauti mbele ya mabeseni, "anatia alama thelathini na moja kwenye shuka moja?"

Akachukua sindano, akazifumua zote.

Kisha akafua kwa siku tatu. Damu aliitoa kwa maji baridi, kutu kwa ndimu na chumvi, wino kwa maziwa, mafuta ya gari kwa chaki na sabuni ya kipande. Hakuwahi kupigana na kitambaa namna ile maishani mwake. Siku ya tatu alilianika juani, akarudi nyuma hatua kumi, akalitazama. Lilikuwa jeupe kiasi cha kuumiza macho. Kwa mara ya kwanza tangu mazishi alihisi amemfanyia mtoto jambo jema.

Miezi mitatu ikapita, ndipo simu ikapigwa. Alikuwa mtunzaji wa jumba la sanaa la chuo, mwanamke mwenye sauti ya upole. Alisema kazi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho zitatundikwa, na Chiriku ametengewa ukuta mzima. "Mzee, tunaliomba lile shuka lake. Lile la madoa."

Dobi alisimama na simu sikioni, povu likimtiririka kiwikoni.

"Mzee? Lipo?"

"Lipo," alisema.

Lilikuwa neno la kweli kabisa, na ndilo lililomfunga. Tangu siku ile zilipita wiki tatu. Kila alfajiri alipiga magoti kando ya kitanda, akaomba ombi ambalo hakuwahi kulisikia likiombwa na kiumbe yeyote. Watu wote humwomba Mungu awaondolee madoa. Yeye aliomba yarudishwe. Na alipomaliza kusali alifungua kabati, kama mtoto, akachungulia. Shuka lilikuwa jeupe vile vile.

*

Chuo Dobi alikijua kwa upande wa nyuma tu. Mwaka mmoja uliopita Chiriku alimkamata mkono na kumwandikisha katika darasa la jioni la watu wazima. Tangu hapo, kila Jumanne na Alhamisi, aliketi katika chumba cha nne karibu na bomba la maji, magoti yakigonga meza ndogo, akisoma silabi kwa silabi. Jumba la sanaa hakuwahi kuliingia. Chiriku alimkataza. "Usiingie mpaka yangu itundikwe, mjomba. Nataka iwe ya kwanza kuiona."

Walipolipita lile bomba, dada alionyesha chumba cha nne kwa kidevu. "Ndiko mnakokaa na wenzako wenye mvi?"

"Ndiko."

"Mmefika herufi gani?"

"Herufi tulishamaliza, dada. Sasa tunasoma barua."

"Barua za nani?"

"Za watu tu. Za kwenye kitabu."

"Makubwa! Mtu hana barua yake, anasoma za wengine." Alicheka, na kicheko kile kilikuwa cha Chiriku mtupu. Dobi alisimama.

"Dada, kuna jambo."

"Niambie."

Alifungua kinywa. Mungu wangu, alisema moyoni, ulimi huu uliuumba wewe, usukume. Ulimi ukagoma.

"Viatu vyako," alisema. "Vinakuumiza."

"Hilo ndilo jambo? Vinaniumiza tangu mwaka juzi. Songa mbele."

Jumba lenyewe lilikuwa nyumba ndefu ya matofali yenye madirisha membamba yaliyo juu, kama ya ghala. Mbingu ilikuwa ya kijivu na ndani taa ziliwashwa mchana. Mlangoni aliketi mlinzi mnene kwenye kiti chembamba.

"Karibuni, wazee wangu. Mifuko inabaki hapa."

Dobi aliutoa mfuko haraka mno, karibu amtupie. Kwa kitambo kifupi aliona njia: shuka libaki mlangoni, wao watazame picha, warudi nyumbani. Lakini dada yake aliudaka mfuko katikati.

"Huu haubaki. Sisi ndio wasindikizaji, mgeni mwenyewe yumo humu mfukoni."

"Mama, ni sheria."

"Sheria ya kumzuia mwanangu nje? Hii ni kazi yake. Mwite huyo mtunzaji wenu umuulize kama nimekuja kuiba au kuleta."

Mlinzi alimtazama Dobi kama mtu anayeomba msaada. Dobi alitazama sakafu. Basi mlinzi akaandika jina la Chiriku kwenye daftari, akawaambia mtunzaji yuko ofisini atawafuata, na ukuta wao uko chumba cha mwisho, wapite moja kwa moja.

Sakafu iling'aa na viatu vya dada vililia kila hatua. Katika chumba cha kwanza kulikuwa na picha za wakuu wa chuo waliopita, wote wamekunja nyuso.

"Hawa walichorwa kabla ya kula," alinong'ona dada.

Chumba cha pili kilikuwa na kichwa cha udongo kisicho na masikio. Dada alikizunguka mara mbili. "Sasa huyu utamwambia nini akakusikia? Angekufaa wewe, Bwana Povu, maana siku hizi ukiulizwa jambo ndivyo ulivyo." Alikuwa akisema bila kupumua, namna watu wanavyosema wakiogopa kufika. Mbele ya mlango wa chumba cha mwisho alinyamaza, akamshika kaka yake mkono. Kiganja chake kilikuwa na jasho.

Chumbani kazi za wanafunzi wengine zilikuwa tayari zimetundikwa. Ukuta wa mwisho ulikuwa umepakwa rangi ya kijivu. Juu yake palikuwa na ufito wa mbao kwenye ndoano mbili, na taa nne zilikuwa zimeelekezwa pale. Zilimulika ukuta mtupu. Upande wa kulia, kwenye usawa wa macho, palikuwa na kibao chenye maandishi.

"Jina lake lipo?" aliuliza dada. Yeye hakujua kusoma.

"Lipo. La kwanza kabisa, juu."

"Liguse."

Dobi aliligusa. Dada naye akaligusa mahali pale pale.

"Sasa nisomee. Wewe si ndiye msomi wetu?"

Dobi alivuta pumzi. Ilikuwa barua ya kwanza maishani mwake iliyokuwa yake. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Shu-ka la Mjomba. Pamba, uzi mwekundu, madoa thelathini na moja." Kidole kikasimama.

"Endelea."

"Mjomba wangu ni dobi. Kwa miaka miwili niliwaomba watu wa mtaa wetu kila mmoja anipe doa moja, kabla hawajampelekea nguo. Aliye na shati nilikandamiza shati lake kwenye shuka hili. Aliye na kidonda, kidonda. Kila doa nimelitia alama kama mjomba alivyonifundisha, ili lisipotee."

Ili lisipotee. Dobi aliegemeza mkono ukutani.

"Una nini? Soma."

Akasoma. La kwanza lilikuwa chai ya mlinzi wa zamu ya usiku. La pili, maziwa ya mama aliyejifungua jirani. La tano, wino wa karani aliyefukuzwa kazi siku hiyo. La saba...

"La saba, damu ya mama yangu, aliyejikata akimenya viazi vya watu mia mbili, akacheka."

Dada aliweka kiganja kinywani. "Kumbe!" alisema. "Kumbe siku ile! Nimejikata, natafuta kitambaa, yeye anakuja mbio na shuka. Nikamwambia, we mtoto una wazimu, shuka zima kwa tone la damu? Akaniambia tulia mama, utaliona siku moja." Machozi yalikuwa yakimtiririka na bado alikuwa anacheka. "Maliza. Maliza kusoma ulifungue."

Dobi aliruka hadi mwisho. "La thelathini na moja. Jasho la mjomba wangu, la shati lake la kazi. Hakujua. Yeye huondoa ya watu wote na hakuna aliyewahi kuuliza la kwake."

Hapo mtunzaji akaingia. Alikuwa na umri mdogo kuliko sauti yake, na miwani imening'inia shingoni kwa kamba. Alisalimia kwa adabu, akampa dada pole kwa mikono miwili, akavaa glavu nyeupe. Mlinzi alikuwa amemfuata ili kusaidia. Wakatandika karatasi safi juu ya meza ndefu.

"Nimelisubiri sana, mama," alisema mtunzaji. "Mimi mwenyewe nililiona likiwa nusu tu."

Alilitoa shuka mfukoni. Mlinzi akashika pembe mbili, yeye mbili, wakalikunjua.

Lilikuwa jeupe. Chini ya taa zile lilikuwa jeupe kuliko karatasi iliyotandikwa chini yake. Mtunzaji alilitazama, akaligeuza upande wa pili. Dada naye akashika ukingo, akaligeuza tena upande wa kwanza, kama mtu anayetafuta mlango.

"Umebeba lingine," alisema. "Ee, Bwana Povu, uzee huo! Umeacha la mtoto ukabeba la mteja."

"Sivyo, dada."

"Sasa liko wapi?"

"Ndilo hili. Nililifua."

Mlinzi alibaki ameshika pembe mbili, hajui aziweke au asiziweke.

"Nililikuta bwenini," alisema Dobi. "Niliona damu, niliona dawa. Nikadhani ni shuka la ugonjwa wake. Sikutaka mtu aone alivyoteseka. Nikafua siku tatu."

"Na namba?" aliuliza mtunzaji kwa sauti ndogo. "Palikuwa na namba za uzi."

"Nilizifumua."

"Namba unajua kusoma," alisema dada yake. Sauti yake ilikuwa imebadilika, imekuwa bapa. "Hata kabla ya hilo darasa ulijua namba. Hukujiuliza ni za nini?"

"Nilidhani ni za dobi mwingine." Alilazimika kulimaliza. "Nilidhani alinikwepa akapeleka kwa mwingine. Niliona uchungu. Nilitaka liwe jeupe kuliko ambavyo mwingine yeyote angeweza."

"Wivu."

"Wivu, dada."

Dada alicheka pumzi moja fupi puani, kicheko kisicho na furaha ndani yake. "Na ulijua lini?"

"Walipopiga simu."

"Wiki tatu." Aliyatazama mavazi yake. "Wiki tatu unajua, ukaniacha nivae gauni. Ukaniacha niwaite watu wa kantini."

Akageuka, akatoka. Walisikia viatu vyake vikilia katika vyumba vyote viwili, kisha visisikike. Alikuwa amesimama mahali.

Mtunzaji alivua miwani, akaivaa tena. Akasema kwa upole kwamba ukuta hauwezi kukaa mtupu siku ya Ijumaa. Bila kazi hakuna kibao, ndivyo kamati ilivyoamua kwa wote, na yuko mwanafunzi mwingine anayesubiri nafasi. "Lakini mzee, tunaweza kulitundika hivi hivi. Mtu atasoma maelezo yake, atainua macho, ataona weupe huu. Nadhani ataelewa. Jina litabaki."

Dobi aliliangalia jina lile, lenye alama mbili za vidole juu ya kioo cha kibao. Alitaka kusema ndiyo. Hakuna kitu alichokitaka zaidi duniani.

"Mwanangu," alisema, "hii siyo kazi yake. Hii ni kazi yangu. Ya kwake niliimwaga na maji. Nikiitundika ya kwangu chini ya jina lake nitakuwa nimemwibia mara mbili. Lakini mimi si mama yake. Muulizeni mama yake."

Dada yake alikuwa amerudi na alikuwa amesimama mlangoni. Viatu alikuwa amevibeba mkononi. Hakumtazama mtunzaji.

"Ulifua kwa mkono?" alimuuliza kaka yake.

"Kwa mkono."

"Moja moja?"

"Moja moja."

"Basi yalipita mikononi mwako yote. Niambie langu lilikuwa wapi."

Dobi aliufuata ukingo wa meza. Alifumba macho. Damu aliifua siku ya kwanza, beseni la kijani, maji ya baridi, na shuka alilikunja kwa upana ili asisambaze. Mikono ilikumbuka kabla ya kichwa. Akaweka kidole kwenye pamba, shibiri mbili kutoka ukingo wa juu.

"Hapa. Lilikuwa kama mbegu ya tikiti, na jingine dogo pembeni."

Dada alikilaza kiganja chake pale. Kidole chake cha shahada bado kilikuwa na kovu jembamba.

"Na la mlinzi wa usiku?"

"Hapa chini. Chai ya rangi, ilikuwa duara la kikombe. Niliimwagia maji ya moto kutoka juu."

"La mama aliyejifungua?"

"Hapa. Halikuonekana sana. Nililijua kwa kunusa."

Mtunzaji alikuwa ametoa karatasi na penseli, akawa anaandika. Hakuna aliyemwambia aandike na hakuna aliyemkataza. Yale ambayo Dobi hakuyasoma, mtunzaji alimtajia dada majina yake tu kutoka kwenye kibao; dada aliuliza, Dobi akaonyesha. Kutu ya lango la shule. Mafuta ya fundi wa magari, doa lililokuwa gumu kuliko yote, usiku mzima kwenye sabuni. Machungwa. Dawa ya macho ya bibi kipofu. Alitaja mahali na ukubwa, na jinsi kila moja lilivyopigana kabla ya kutoka. Alitafuta matundu ya sindano ili ahakikishe, lakini hayakuwapo. Alikuwa ametia wanga na pasi ya moto, mara tatu asubuhi hii peke yake, na nyuzi zilikuwa zimejifunga.

"Thelathini," alihesabu mlinzi, ambaye alikuwa amesahau kuachia pembe zake.

"Na lako?" aliuliza dada.

Dobi aliangalia weupe ule. Alijaribu pembe ya kushoto, akaondoa kidole. Alijaribu katikati. Alifumba macho, akaisubiri mikono, na mikono haikusema kitu.

"Sijui, dada."

"Fikiri."

"Jasho halina ubishi. Jasho linatoka na maji ya kwanza, ya kulowekea tu, kabla hujaanza kutazama. Nilimwaga yale maji." Akairudisha mikono mifukoni. "La kwangu sikuliona."

Dada yake alimtazama, na kwa muda ilionekana kama atanyoosha mkono. Hakuunyoosha. Alizichukua pembe mbili za shuka kutoka mikononi mwa mlinzi, akamsubiri Dobi ashike nyingine mbili. Walilikunja pamoja, hatua mbele, hatua nyuma, kama walivyokuwa wakikunja mashuka ya mama yao walipokuwa watoto. Vidole vyao vilipokutana katikati, alilichukua shuka lote akaliweka kifuani.

"Halitundikwi," alimwambia mtunzaji. "Nakwenda nalo."

"Mama, nafasi yake..."

"Mpe huyo anayesubiri. Naye ana mama yake."

Mtunzaji aliinamisha kichwa. Alitoa bisibisi ndogo mfukoni, akafungua skrubu nne za kibao, moja baada ya nyingine, na kila moja ikalia kidogo. Akampa Dobi kibao. Karatasi yake ya penseli alisema ataiweka kwenye faili la binti. Kisha mlinzi akazima taa nne, moja moja.

Nje manyunyu yalikuwa yameanza. Dada alitembea miguu mitupu mbele yake, shuka likiwa chini ya mkono, viatu vikining'inia. Hakugeuka mpaka walipofika kwenye lile bomba la maji kando ya chumba cha nne.

"Nitalilalia," alisema. "Kila siku. Na likichafuka usije kulifua. Unasikia?"

"Nasikia, dada."

"Hata nikifa."

"Hata ukifa."

Akaenda zake. Dobi hakumfuata. Alijibanza chini ya ukingo wa paa la darasa, akakifuta kibao kwa mkono wa shati lake, na akaanza kusoma tena tangu juu, silabi kwa silabi, akitumaini kwamba mahali fulani, katika mstari alioruka, mtoto aliandika mahali alipoliweka doa la mjomba.